Aliyemfunga Medet Taya

Medet, mpiga picha wa ndege, alikuwa amelazwa kwenye meza ya bati katika mochwari ya Sarytas, macho yamefumbwa, mdomo umefungwa vizuri, na hilo ndilo lililomkera Kapteni Ulbosyn tangu alipoingia.

"Mbona unamkodolea hivyo?" aliuliza Daktari Raisa Pavlovna, akitafuta sigara kwenye mfuko wa koti lake jeupe. "Hatakujibu."

"Tumeambiwa alianguka gengeni Ijumaa, akafa peke yake kwenye barafu. Sasa nani alimfumba mdomo?"

"Macho huweza kufumba yenyewe. Mdomo, hapana. Mdomo huachama." Daktari aliisahau sigara. "Ndiyo maana nikaandika kuhusu ule mstari. Bosi wako ameusoma?"

Bosi ameusoma, tena ameufurahia kupita kiasi. Mkuu Bazarbai alipoona maneno "mstari chini ya kidevu" hakuhitaji kusoma zaidi. Mtu amekabwa, basi. Na mkabaji alikuwa naye tayari: Otesh, mchunga ngamia, aliyekamatwa Jumamosi na kamera ya marehemu ndani ya mfuko wa tandiko. Otesh alisema kamera aliiokota juu ya genge na huko chini hakushuka kabisa. Nani amsikilize? Leo ilikuwa Jumatatu, jioni faili lake lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kesi ya namna hiyo ikishavuka ule mlango hairudi. Mkewe Otesh, Balzia, alikuwa akishinda kwenye benchi la kituo tangu Jumamosi, na kila afisa aliyepita pale alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Ulbosyn alivuta taa karibu. Mstari ulikuwa mpana, umekauka, rangi ya kahawia. Aliufuata kwa kidole. Haukuzunguka shingo. Ulipita chini ya kidevu, ukapanda mbele ya masikio, ukaishia utosini ambako nywele zilikuwa zimelala kama za mtu aliyevua kofia. Vuli iliyopita alimfunga mama mkwe wake hivyohivyo, kwa mikono yake mwenyewe, na kitambaa kilipita palepale.

"Huyu hakukabwa," alisema. "Amefungwa taya. Kama tunavyowafunga watu wetu."

Raisa Pavlovna aliinama, akatazama, akatukana kidogo kwa Kirusi. "Baada ya kufa, ndiyo. Ngozi inasema hivyo. Na hiki kitambaa kilikuwa cha kufumwa kwa mkono. Unaona hizi alama ndogondogo?"

"Naziona. Na ile barafu uliyoikuta kwenye kola?"

"Chai ya maziwa."

"Alikunywa mwenyewe?"

"Kwa mikono ipi? Yote miwili imevunjika." Daktari aliinua shuka miguuni. "Na tazama paja hili lilivyovimba. Maiti havimbi hivi. Alianguka akiwa hai, akabaki hai. Saa mbili, labda tatu."

Kuna mtu alikaa na Medet muda wote huo. Akamnywesha. Akamfumba macho. Kisha akaondoka na kitambaa chake, akanyamaza.

Mkuu Bazarbai alimsikiliza huku akila maandazi ya kukaangwa kwenye sahani, moja baada ya jingine.

"Muuaji gani huyo anayemnywesha mtu chai?"

"Muuaji aliyelelewa vizuri, mkuu."

"Hata Otesh kalelewa. Kwao wanaswali wote."

"Otesh alionekana kisimani adhuhuri na ngamia wake. Taya la maiti halikakamai upesi, hasa kwenye baridi. Ukifungua kitambaa mapema, mdomo unaachama tena. Aliyemfunga alikaa pale mchana kutwa."

"Na waliomwona kisimani ni nani? Binamu zake! Pale kisimani hata ngamia ni binamu zake."

"Na kadi ya picha? Kamera haina kadi. Mtu anayeiba kamera akauze, kadi anaitoa ya nini?"

Bazarbai alijifuta mafuta vidoleni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa jambo liishe. "Saa kumi na moja jioni faili linaondoka, Ulbosyn. Mpaka hapo una ruhusa ya kwenda kucheza na hao ndege wa marehemu."

Kumbe ndiko alikokuwa anakwenda.

Mwalimu Sagyndyk alimngoja mwanzo wa njia ya Akjar, ufuko wenye lile genge, kamera shingoni, lenzi yake ndefu ameifungia soksi isipate barafu. Alikuwa amefundisha baiolojia nusu ya Sarytas, Ulbosyn akiwemo, na kila majira ya baridi yeye na Medet walikuwa wakitembea ufuko huu kuwapiga picha ndege wanaoshuka kutoka kaskazini. Ijumaa tu, alisema, hawakuwa pamoja. Medet alikuja Akjar. Yeye alikwenda Ghuba ya Uzynkum, upande wa pili wa mji, na picha za asubuhi hiyo anazo, na saa imeandikwa juu yake.

"Salamu, mwalimu. Umelala salama?"

"Nitalala wapi, binti? Rafiki yangu yuko kwenye jokofu lenu." Macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Unataka nikuonyeshe nini?"

"Namna mnavyofanya kazi. Nataka kujua Medet angesimama wapi, angetazama wapi. Mimi nikimwona ndege najua ndege, basi."

"Baiolojia ulipata mbili kwa tano."

"Tatu, mwalimu."

"Nilikuonea huruma."

Wakashuka. Bahari ilikuwa imeganda pembezoni, na mbele ya barafu maji meusi yalikuwa yakipumua mvuke. Mwalimu alibadilika mara alipokanyaga ufuko. Mgongo ulinyooka, sauti ikashuka. Alimfundisha kutembea upande, bila kumkazia ndege macho. "Tembea kama mtu aliyepoteza ufunguo," alinong'ona. "Hivyo. Hana habari na wewe." Alipiga magoti kwenye barafu, viwiko juu ya mapaja, akashusha pumzi, kamera ikalia mara moja, mara mbili. Batamaji wawili weupe, mmoja akimchambua mwenzake manyoya ya shingo. Alimwonyesha picha, na kwa nukta chache Ulbosyn alisahau kilichomleta. Ilikuwa nzuri mno.

Walipokaribia kundi la shakwe lililosimama ukingoni mwa barafu, mwalimu aliguna.

"Ah! Leo wananipa matako tu."

"Kwa nini wote wametazama baharini?"

"Upepo unatoka huko." Alisema kwa sauti ileile ya ubaoni. "Ndege aliyetua haupi upepo mgongo, Ulbosyn. Ukimpiga kwa nyuma unamfunua manyoya, baridi inapita mpaka kwenye ngozi, anakufa. Kwa hiyo hugeuka. Wote, kila siku, mpaka aliye usingizini. Mpiga picha anayejua kazi huangalia upepo kabla ya kufunga mlango wa nyumba yake."

"Kumbe."

"Andika, kesho nakuuliza."

Alicheka, kisha akainua ukosi wa koti. Shingo yake ilikuwa wazi, nyekundu kwa baridi.

"Skafu yako iko wapi, mwalimu? Mkeo atakugombeza." Kila mtu Sarytas aliijua ile skafu ya sufu ya ngamia. Wanafunzi, Mungu awasamehe, walimwita Bwana Skafu, na Ulbosyn alikuwa mmoja wao.

"Nimeisahau nyumbani."

"Kwenye baridi hii?"

"Uzee, binti."

Chini ya genge damu ilikuwa bado ipo, imeganda ndani ya barafu. Mwalimu alikataa kuikaribia. Ulbosyn alizunguka taratibu akichungulia mianya ya mawe kama alivyozoea, huku akijua kuwa wenzake wa Jumamosi walipita hapa mbio kwa sababu ya baridi. Katika mwanya mmoja alimwona ndege wa maji, kukuziwa, aliyekufa, mweusi, paji jeupe, amekauka kwa barafu. Alimvuta. Hakuja. Mguuni alikuwa amefungwa uzi wa kuvulia samaki, na mwisho wa uzi ulishuka chini ya barafu ukazunguka jiwe.

"Wavuvi hao," alisema mwalimu kwa haraka, akiwa mbali. "Nyavu zao zinawamaliza ndege wote."

"Huu si wavu. Hili ni fundo, limefungwa kwa mkono."

"Basi watoto. Watoto wa siku hizi hawana huruma."

Ulbosyn alikata uzi kwa kisu, akamtia ndege kwenye mfuko wa nailoni. Akili yake ilikuwa imekwenda shuleni, kwenye ukuta wa ukumbi, ambako picha kubwa ya mwalimu ilitundikwa baada ya kupata tuzo huko Almaty: tai mwenye mkia mweupe akimshukia kukuziwa, kucha wazi, kukuziwa akipiga mbawa wala hapai. Watu walisimama mbele ya picha ile wakauliza alingoja miaka mingapi kupata bahati hiyo. Ulbosyn alitamani asingeikumbuka. Alimpenda huyu mzee.

"Nionyeshe picha ya Ijumaa, mwalimu."

Alimwonyesha kwa furaha ya mtu anayebadilisha mazungumzo. Heroe juu ya fungu la mchanga, waridi juu ya kijivu, miguu imezama, vichwa vyote vimeelekea kushoto, manyoya yamelala laini. Nyuma yao bahari mpaka mwisho wa macho.

"Na jua lilikuwa mgongoni kwako?"

"Mgongoni kabisa. Ona mwanga ulivyowapiga. Jua la asubuhi, saa tatu."

"Nzuri," alisema Ulbosyn. "Twende ofisini tuiandike kwenye maelezo, mkuu naye aione."

Walipopita kwenye kibaraza cha kituo, benchi lilikuwa tupu. Balzia alikuwa ameenda dirishani kumpelekea mumewe chakula. Bazarbai alimkaribisha mwalimu kwa heshima zote, akampa kiti chake mwenyewe, akaagiza chai. Naye alikuwa amefundishwa na huyuhuyu. Faili la Otesh lilikuwa mezani, limefungwa tayari.

Ulbosyn aliiweka kamera katikati.

"Mkuu, Ijumaa upepo ulivuma kutoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Kaskazini! Uliezua bati la karakana likaangukia gari langu. Mpaka leo kioo sina."

"Tangu lini?"

"Tangu usiku wa Alhamisi mpaka Jumamosi. Unajua vizuri, tulikuwa wote hapa."

"Sasa tazama hii. Mwalimu anasema aliipiga Ijumaa asubuhi. Jua liko mgongoni kwake, kwa hiyo anatazama magharibi, baharini. Kaskazini iko mkono upi?"

Bazarbai alinyoosha mikono yake miwili kama mtoto anayejifunza. "Kulia."

"Ndege wametazama wapi?"

"Kushoto. Haya, kwa hiyo nini?"

"Mwalimu," alisema Ulbosyn, "mweleze mkuu ulichonifundisha leo ufukoni."

Mwalimu Sagyndyk alikuwa ameshika bakuli la chai. Aliliweka chini polepole, bila kunywa.

"Saa ipo pale kwenye picha," alisema.

"Saa ya kamera hurudishwa nyuma au mbele kwa kidole kimoja. Jumatano ndipo upepo ulitoka kusini, barafu ikalainika, watu wakatoka nje. Hii ni ya Jumatano. Ijumaa hukuwa Uzynkum."

"Ulbosyn, binti..."

"Skafu iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nimtume mtu akaiombe kwa mkeo?"

"Usimtume!" Alisema kwa nguvu, kisha sauti ikamwishia. "Usimtume kwake. Iko hapa, kwenye begi la kamera, chini. Nilitaka kuitupa baharini nikashindwa. Ameifuma yeye."

Bazarbai mwenyewe ndiye aliyefungua begi. Aliitoa skafu, ndefu, ya rangi ya ngamia, na katikati yake paliganda doa la chai ya maziwa. Aliishika kwa ncha za vidole. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Ulikuwa unawafunga," alisema Ulbosyn. "Wale kukuziwa. Ili tai aje."

"Miaka mitatu nilingoja kwa haki, sikupata kitu. Nikafunga mmoja. Mmoja tu, nikasema. Kisha ile tuzo. Kisha watoto wakawa wanauliza, mwalimu, mwaka huu utatuletea nini?" Alisugua magoti. "Medet alikuja mapema siku hiyo, nikamkuta juu ya genge. Alimpiga picha yule ndege pamoja na uzi. Akaniambia atawaonyesha watu. Si kwa ukali, alikuwa karibu kulia. Alisema, kaka, watoto wanajifunza kwenye ile picha. Nikashika kamera yake. Yeye akavuta mkanda. Mkanda ukachomoka, kamera ikabaki kwangu."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Wallahi sikumsukuma."

"Ukashuka?"

"Nilishuka mbio. Alikuwa hai. Alikuwa ananiangalia. Nikamwekea kichwa kwenye mapaja yangu. Nikamnywesha, nikamsomea shahada, akaifuata. Alipokata roho nikamfumba macho, nikamfunga taya, nikakaa naye. Sikumwacha peke yake hata kidogo."

Bazarbai alikuwa ametazama dirishani. Ulbosyn ndiye aliyeuliza, kwa kuwa lazima mtu aulize.

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Pale chini inashika?"

"Hapana. Genge linaziba."

"Na juu?"

Mwalimu alilishika tena bakuli la chai.

"Juu inashika, mwalimu?"

"Inashika."

"Tangu aanguke mpaka afe, ulipanda juu?"

"Mara moja," alisema. "Kuchukua chupa ya chai."

Ulbosyn alisikia hasira ikimpanda, hasira na aibu, kwa sababu bado alikuwa anamwita mwalimu.

"Nilidhani atakufa upesi," alisema mzee. "Hakufa upesi. Kila nilipotaka kupanda tena nilisema, ningoje kidogo, huenda... Angepona, angesema."

"Na Otesh?"

"Hana hatia. Kamera niliiacha juu mimi, baada ya kutoa kadi. Nilijua mtamwachia."

"Tungemwachia?" Bazarbai aligeuka, akapiga faili kwa kiganja. "Tazama hapa! Jioni hii alikuwa anaondoka! Ningempeleka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!" Alilichana karatasi la juu vipande viwili, kisha akavitazama kama asiyejua avipeleke wapi. "Mtoe humu. Mtoe mbele yangu, Ulbosyn."

Ulbosyn hakumfunga pingu pale ndani. Baadaye alijilaumu kwa hilo, lakini mikono ile ilimwandikia ubaoni, na akafikiri mahabusu si mbali. Akafungua mlango.

Balzia alikuwa amerudi kwenye benchi. Alipomwona mwalimu alisimama haraka, akajipangusa mikono kwenye sketi, akamkimbilia, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu! Nilijua. Nilijua utakuja kumsemea." Akamgeukia Ulbosyn, machozi yakimtoka na huku anatabasamu. "Afande, huyu si mtu wa kawaida. Kijiji kizima kimenikimbia, yeye peke yake alikuja. Jana, kwa miguu, na baridi ile. Nimeomba kwa Mungu amwekee umri mrefu."

Na palepale, kabla hajazuiwa na mtu, aliinua viganja vyake kumwombea dua. Ulbosyn aliinua vyake bila kufikiri, kama anavyofanya kila mtu. Askari wa zamu, nyuma ya kaunta, akainua. Mwalimu Sagyndyk alibaki mikono imening'inia.

"Mwalimu?" Balzia alisema. "Mikono."

Hakuiinua.

Ulbosyn alishusha viganja, akatoa pingu kiunoni, akazifunga kwenye vile vifundo vyembamba vya mikono. Kufuli lililia mara mbili. "Dada Balzia," alisema, "mume wako anatoka leo. Hakufanya kitu. Nenda ukangoje langoni, nakuletea mwenyewe."

Balzia hakwenda langoni. Alizitazama pingu, akamtazama mzee usoni, kwa muda mrefu, mpaka ukaona jambo limemfikia.

"Jana ulikula mkate wangu," alisema. "Wanangu walikuvua viatu. Nilikuuliza, mwalimu, unadhani Otesh aliweza kuua? Ukaniambia, mwanadamu humjui, vumilia tu."

Balzia alijipangusa tena mikono kwenye sketi, viganja, halafu migongo ya mikono, halafu viganja tena. Ulbosyn alimkabidhi mzee kwa askari wa zamu, akachukua ufunguo ukutani, akashuka kumfungulia Otesh.